Mtoto analia siku ya mahafali: tafuta chanzo kabla ya kukaripia

Mahafali ya chekechea hapa Dar es Salaam huangukia Novemba na mapema Desemba, mara nyingi Jumamosi, na kadi ya mwaliko huandikwa saa 3 asubuhi. Ni msimu wa joto, mchana hufika nyuzi 31 au 32, na mvua za vuli nazo zinaweza kushuka bila hodi. Siku hiyo mama ana mtoto wa miaka 5 au 6 wa kuvalishwa joho, ana mdogo wake ambaye bado ananyonya, ana mkubwa wa darasa la tatu, na ana ndugu wanaopiga simu kila dakika kuuliza washukie kituo gani.

Ninafundisha darasa la awali na mimi mwenyewe ni mama. Nimesimama upande wa walimu na nimekaa upande wa wazazi, na jambo ninaloliona kila mwaka ni hili: mtoto anayelia saa 6 mchana mbele ya wageni, kilichomliza kilianza alfajiri au jana yake usiku. Maneno ya "anadeka", "ana kiburi", "ananiaibisha mbele za watu" huwahi mdomoni, na yakishatoka hakuna tena anayetafuta chanzo. Mtoto wa miaka 5 hajui kusema "mama, misuko imebana na sijalala vizuri". Anajua kulia, kununa na kutapika. Kazi ya kusoma dalili ni yetu.

Dalili yoyote utakayoiona, pitia kwanza mambo matano: haja, maji, chakula, usingizi, na kitu kinachobana mwilini. Anza na haja kwa sababu huisha kwa dakika chache, na kwa sababu ndiyo watoto wanayoionea aibu kuitaja. Mtoto aliyevaa suruali ya suti, mkanda mpya na joho juu yake anajua hawezi kuvifungua mwenyewe, kwa hiyo anajikaza. Ukimwona anabadilisha miguu, anashika nguo mbele au amenyamaza ghafla, usimuulize mbele ya watu kama amebanwa. Mshike mkono, mpeleke.

Ameamka analia na hataki kuguswa kichwa

Hii kwa wasichana ni misuko. Saluni Ijumaa jioni zimejaa, mtoto amekaa chini saa nyingi, na msusi amevuta ili kazi idumu. Ukiona ngozi ya paji la uso imevutika, vipele vidogo vimetoka kwenye mizizi ya nywele za mbele, au amelala kifudifudi usiku kucha kwa sababu kisogo kinauma, chanzo umekipata. Watu wa saluni husema maumivu yatazoeleka. Mimi sikubaliani nao. Nywele zinazovutwa hivyo mara kwa mara hunyonyoka kingoni, na kuna watu wazima ambao kingo zao hazikurudi tena.

La kufanya asubuhi hiyo: fumua mistari miwili au mitatu ya mbele, ndiyo inayouma zaidi, kisha rudisha nywele nyuma kwa mkono mwepesi na ufunge kitambaa au ua. Hakuna picha itakayoharibika. Toa pia mpira uliokazwa sana na shanga nzito. Kofia ya mahafali isibanwe kwa pini juu ya msuko unaouma. Kwa mwaka ujao, suka Jumatano au Alhamisi, mwambie msusi mapema asivute kingo, na chagua mtindo mwepesi kama twende kilioni ya mistari mikubwa bila kuongeza rasta.

Amezubaa, hataki kula, kila kitu ni "sitaki"

Hesabu usingizi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 3 hadi 4 apate saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku, na wa miaka 5 naye hayuko mbali na hapo. Kama mtamwamsha saa 11 alfajiri ili muwahi daladala kutoka Mbagala au Gongo la Mboto, alipaswa kuwa amelala saa 1 usiku. Nyumba ngapi zinalaza mtoto saa 1 usiku mkesha wa mahafali, bibi amefika kutoka mkoani, vitunguu vinakaangwa na televisheni inaongea?

Asubuhi huwezi kuurudisha usingizi wote, lakini unaweza kupunguza hasara. Mwache alale hadi dakika ya mwisho, wewe na wakubwa mkiwa mmeshavaa na mizigo iko mlangoni. Muogeshe na kumvalisha mwishoni kabisa. Kama safari ni ndefu, mwache asinzie njiani akiwa na nguo za kawaida, suti na joho avalie shuleni. Usimlazimishe kula chapati mbili kwa hofu kwamba atashinda njaa. Kikombe cha uji na nusu ya ndizi vinatosha kuanzia, kingine kiwe kwenye mkoba.

Anatapika kwenye gari

Kichefuchefu cha safari huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka 2 na 12. Jicho linaona kiti kilichotulia mbele yake, sikio la ndani linahisi gari linayumba na kukata kona, ubongo unapata habari mbili zinazopingana na tumbo linachafuka. Mambo yanayozidisha ni tumbo lililojaa chai ya maziwa na maandazi ya mafuta, kuangalia simu, hewa nzito, na kukaa upande usioona barabara.

Kwa hiyo mpe chakula chepesi saa moja au zaidi kabla ya kuondoka, maziwa yasubiri. Kaa naye viti vya mbele, dirisha wazi, mwonyeshe vitu vya mbali: daraja, minazi, magari yanayokuja. Simu ibaki mkobani, hata kama ndiyo inayomnyamazisha. Beba mifuko isiyovuja, kitambaa chenye maji na fulana ya akiba. Dawa za kuzuia kutapika usinunue kwa kusikia jirani alimpa wake. Promethazine, ambayo huuzwa sana kwa kazi hiyo, haifai kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka 2, na kwa wakubwa humlaza mtoto ambaye saa mbili baadaye anatakiwa kusimama jukwaani. Muulize mfamasia, ukiwa na uzito wa mtoto kichwani.

Akitapika mara moja garini, akashuka na kuchangamka, mpe maji kwa funda ndogondogo na muendelee. Akiendelea kutapika akiwa ardhini palipotulia, hilo si la gari. Nenda sehemu ya homa na tumbo huko chini.

Amekaa kimya ndani ya joho, macho mazito

Hapa naomba usikilize kwa makini, kwa sababu ukimya wa mtoto kwenye joto husifiwa kama adabu. Joho la kukodi mara nyingi ni kitambaa cha nailoni, halipitishi hewa. Ndani yake kuna shati la mikono mirefu, tai, wakati mwingine na koti. Turubai limefungwa pande zote ili wapiga picha wapate mapambo mazuri. Watoto wamepangwa tangu saa 3 na mgeni rasmi hajafika mpaka saa 5. Na wengine wameambiwa wasinywe maji wasije wakaomba kwenda chooni wakati wa maandamano.

Dalili za joto: kichwa kinauma, anasikia kizunguzungu, anachoka, ngozi ina joto, jasho jingi, mkojo mchache na wa njano iliyokolea. Mpeleke kivulini penye upepo, vua joho, tai na viatu, mlowanishe shingo, kwapa na mikono kwa kitambaa cha maji, mpepee, mpe maji kidogokidogo. Ndani ya nusu saa awe amerudi hali yake. Akichanganyikiwa, akiongea maneno yasiyoeleweka, akizimia au akipata degedege, usisubiri risala iishe: mnaelekea hospitali huku mnaendelea kumpoza njiani.

Nawaomba wenzangu wa kamati za mahafali: ratiba ianze na watoto. Nyimbo, ngonjera, maigizo na vyeti viishe mapema, hotuba na utambulisho wa wageni vifuate watoto wakiwa wameshavua majoho na wanakunywa maji. Mgeni rasmi akichelewa, mwalimu mkuu agawe vyeti. Mama aliyeomba ruhusa kazini amekuja kumwona mwanawe akipokea cheti. Joho livaliwe dakika kumi kabla ya kuingia, si tangu asubuhi. Mzazi anaweza kusisitiza haya kwenye kikao cha maandalizi, pale mnapojadili michango na sare, na ayasisitize kwa sauti.

Nyumbani alikariri shairi lote, jukwaani ametoa macho tu

Tofautisha aliyeogopa na aliyechoka. Aliyechoka huyumba, hupiga miayo, huanza vizuri na kupotea katikati. Aliyeogopa hukauka tangu anapoona watu.

Hofu ina vyanzo vyake. Cha kwanza ni kipaza sauti. Mtoto amefanya mazoezi darasani bila kipaza sauti, leo anasikia sauti yake kubwa ikimrudia kutoka kwenye spika na anadhani amekosea. Dakika tano za kukijaribu siku moja kabla hubadilisha kila kitu. Cha pili ni kwamba hakuoni. Alikuwa amekutafuta kwa macho, akakuta mbele kuna ukuta wa simu na watu wamesimama wakirekodi. Mwambie tangu nyumbani utakaa wapi na umevaa kitenge cha rangi gani, kisha kaa hapo. Kama baba au shangazi anarekodi, wewe usirekodi, uso wako ubaki wazi. Cha tatu ni vitisho vya mapenzi: "ukikosea utanitia aibu", "bibi amekuja kutoka Tanga kwa ajili yako". Mtoto hubeba uzito wa nauli ya bibi mpaka jukwaani.

Akikwama, mwalimu apige magoti pembeni yake, aanze naye mstari wa kwanza kwa sauti ya chini. Wengi huendelea. Asipoendelea, washangilieni, ashuke, mwingine apande. Usimrudishe kwa nguvu, usimwahidi soda akirudi, na usimuulize njiani kwa nini alinyamaza. Jioni akiwa ameshiba, mwombe akusomee shairi lake sebuleni. Nimeona watoto wakisoma mpaka beti walizokuwa wanazisahau.

Mdogo wake hanyamazi

Wa mwaka mmoja au miwili hana shughuli yoyote kwenye mahafali haya, ila saa yake ya kulala mchana imeangukia katikati ya hotuba. Analala kila siku kati ya saa 6 na saa 8, na leo saa 6 kuna muziki. Ukiweza kumwacha nyumbani na mtu mnayemwamini, mwache, na usisikilize watakaosema umemtenga. Ukija naye, panga mtu mmoja ambaye kazi yake siku nzima ni huyo mdogo, awe dada wa nyumbani, mama mdogo au baba, na mtu huyo ajue anaweza kutoka nje muda wowote bila kuomba ruhusa.

Kelele za spika humchosha mtoto mdogo kuliko tunavyodhani. Kama unalazimika kupaza sauti kuongea na mtu aliye umbali wa mkono, hapo ni pa kelele mno kwa masikio ya mtoto. Hamia nyuma, mbali na spika. Wa kunyonya nyonyesha hapohapo chini ya kanga, hilo halihitaji ratiba ya mtu. Wa maziwa ya kopo, beba maji yaliyochemshwa kwenye chupa ya chai na unga peke yake, changanya anapohitaji. Maziwa yaliyokwisha kuchanganywa yasikae zaidi ya muda wa saa 2, na akinywa akabakiza, mwaga.

Sasa la hatari. Akiacha kulia ghafla, akakohoa au akashika koo, angalia alichokuwa nacho mkononi. Kwenye sherehe zetu ni ubuyu, karanga, pipi, na kipande cha puto lililopasuka. Mbegu ya ubuyu ni ngumu, inateleza, na inatosha kabisa kuziba koo la mtoto. Puto ni baya zaidi kwa sababu hujinyoosha na kuziba njia yote ya hewa. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5 ubuyu na karanga nzima zisimfikie, na puto likipasuka vipande viokotwe papo hapo.

Kama bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Kama hatoi sauti wala hapumui, na amepita mwaka mmoja, mwinamishe mbele, mpige mara 5 katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Kisipotoka, simama au piga magoti nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, vuta ndani kwenda juu mara 5. Rudia kwa zamu. Wa chini ya mwaka mmoja mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini, mpige mara 5 mgongoni, kisha mgeuze na umbonyeze kifua katikati kwa vidole viwili mara 5. Tumbo lake halibonyezwi. Usitie kidole kooni kutafuta usichokiona, utakisukuma ndani. Mwingine atafute gari wakati huohuo.

Mkubwa amenuna

Huyu ana miaka 8 au 9, na tangu asubuhi ameitwa kwa kazi: shika mkoba, mwangalie mdogo wako, usichafue nguo. Hakuna aliyemwambia amependeza. Mpe jukumu moja lenye heshima, kama kuwa mpiga picha wa familia kwa simu ya baba, kisha mwachie aende kucheza. Mlishe kwanza kuliko wageni. Akisema yeye hakufanyiwa mahafali, mjibu ukweli kuhusu hali ilivyokuwa wakati ule.

Haonekani

Hupotea wakati wa kupiga picha na kugawa chakula, kila mzazi akidhani yuko na mwenzake. Kabla ya kutoka nyumbani andika namba mbili za simu ndani ya joho na kwenye mkono wa mtoto kwa kalamu. Jina lake lisionekane nje, maana mgeni akimwita kwa jina mtoto humwamini. Mfundishe jina lako kamili. Akitangaza kwamba anamtafuta "mama", wataitika mama hamsini. Kubalianeni mahali pa kukutana, kama chini ya mlingoti wa bendera. Akipotea, mmoja anakimbilia getini na kusimama hapo, wa pili anakwenda chooni na penye maji au shimo lolote, wa tatu anamwendea mshereheshaji atangaze. Geti kwanza, kelele baadaye.

Tumbo na homa, jioni au usiku

Pilau iliyopikwa saa 10 usiku ikakaa kwenye ndoo mpaka saa 8 mchana ni chanzo cha kwanza cha kushuku. Wali unaoachwa vuguvugu huzalisha bakteria ambao sumu yao haiondoki kwa kupasha moto, na kutapika huanza kati ya nusu saa na saa 6 baada ya kula. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2 isipokuwa kama kinafuka moto. Ndiyo maana kwa watoto napendelea vitu vikavu: maandazi, mayai ya kuchemsha yaliyo na maganda yake, ndizi, machungwa.

Akitapika au akiharisha, dawa ya kwanza ni ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini. Soma pakiti, nyingi huchanganywa na lita moja ya maji safi. Kama hamna, lita moja ya maji, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa juu. Mpe kijiko kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10, anza tena taratibu. Kwa kuharisha, zahanati humpa pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Vimalize hata kama tumbo limeshatulia.

Joto la mwili likifika nyuzi 38, usiseme ni uchovu wa sherehe. Hapa kwetu homa ya mtoto hupimwa malaria, na kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya muda mfupi. Usimpe dawa ya malaria iliyobaki kabatini. Paracetamol hutolewa kwa uzito wa mtoto, si kwa kukadiria kijiko. Asipoweza kunywa au kunyonya, akitapika kila anachopewa, akipata degedege, akilegea au asiamke vizuri, safari ya hospitali ni usiku huohuo.

Na kama hana homa, tumbo liko sawa, lakini amefika nyumbani amejitupa sakafuni analia kwa sababu kikombe si kile cha bluu, huyo amejikaza siku nzima na sasa yuko mahali anapoweza kulia. Muogeshe maji ya vuguvugu, mpe uji, funga simu za pongezi, mlaze saa 12 jioni hata kama wageni bado wapo. Zawadi zifunguliwe kesho.